Kati ya soko la Ntinda na duka la dawa: ni nini hasa kinachozuia presha na kisukari?

Katika mtaa wa Ntinda, kaskazini-mashariki mwa jiji la Kampala, mboga za majani na maharage huuzwa jirani na maduka yanayopanga makopo ya vitamini hadi darini. Wengi huamini kwamba kinga dhidi ya maradhi ya moyo, kiharusi na kisukari imo ndani ya makopo hayo. Ushahidi uliokusanywa kwa zaidi ya miaka sitini, ambao sehemu yake ilianzia Kampala yenyewe, unaelekeza kwingine.

Sokoni Ntinda mnunuzi hukuta matoke, viazi vitamu, mihogo, maharage, karanga zilizosagwa, nakati, mchicha uitwao huko dodo, nyanya chungu, maparachichi na mafenesi. Katika maduka ya dawa na supamaketi za mtaa huo huo hukuta mafuta ya samaki, vidonge vya vitamini E na unga wa nyuzinyuzi. Bei ya kopo moja mara nyingi huzidi bei ya mboga za wiki nzima. Kwa Waafrika Mashariki waishio ng'ambo, kopo la namna hiyo limekuwa zawadi ya kawaida: anayerudi nyumbani hubeba vitamini za mama kama zamani alivyobeba kitenge.

Somo lililotoka Mulago

Kilomita chache kutoka Ntinda iko Hospitali ya Mulago. Hapo ndipo madaktari wa katikati ya karne iliyopita walipogundua jambo lililowashangaza. Mwaka 1959, A. G. Shaper na K. W. Jones walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya kuwalinganisha Waafrika na Waasia wa Uganda. Ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa nadra mno miongoni mwa Waafrika, ilhali miongoni mwa Waasia wa nchi hiyo hiyo ulikuwa tatizo linalojulikana vyema. Kiwango cha lehemu, yaani kolesteroli, katika damu ya makundi hayo mawili kilitofautiana, na vyakula vyao vilitofautiana pia: upande mmoja matoke, viazi, maharage na karanga, upande wa pili samli na mafuta kwa wingi.

Daktari Hugh Trowell, aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1929 na kufanya kazi Mulago kwa miaka mingi, alikuwa ameona hali hiyo hiyo wodini. Mgonjwa mmoja wa Kiafrika mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo alikuwa tukio la kustahili kuandikiwa makala, naye Trowell aliiandika mwaka 1956. Mwenzake Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, aliyekuwa Uganda kuanzia 1946 hadi 1966, anakumbukwa zaidi kwa saratani ya watoto inayobeba jina lake. Hata hivyo, aliporejea Uingereza aliitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuhubiri makapimlo, yaani zile nyuzinyuzi za mimea ambazo tumbo haliziyeyushi. Mwaka 1975 yeye na Trowell walitoa kitabu kilichodai kwamba kukoboa nafaka na kuzidisha sukari ndiko kulikoleta maradhi mapya ya nchi tajiri.

Walizidisha chumvi kidogo katika hoja yao. Mganda wa miaka ile hakutofautiana na Mwingereza kwa nyuzinyuzi pekee: alitembea sana, alikula sukari kidogo, wachache walinenepa, na wengi hawakufikia umri ambao moyo huanza kuchoka. Tena isisahaulike kwamba wodi zile zile za Mulago zilijaa watoto wenye kwashakoo, kwa kuwa matoke bila maharage, maziwa au samaki hayamkuzi mtoto. Anayesifu chakula cha mababu bila kulitaja hilo anasimulia nusu ya habari.

Lakini kiini cha hoja kimesimama. Mwaka 2019 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi mkubwa ulioagizwa na Shirika la Afya Duniani, WHO. Watu wanaokula nyuzinyuzi nyingi zaidi walikuwa na hatari ya kufa, kuugua moyo, kiharusi, kisukari na saratani ya utumbo mpana iliyo ndogo kwa asilimia 15 hadi 30, wakilinganishwa na wanaokula kidogo kabisa. Faida kubwa ilionekana kwa wanaofikisha gramu 25 hadi 29 kwa siku. Nyuzinyuzi hizo zimo katika maharage, karanga, mboga, matunda na nafaka zisizokobolewa. Posho nyeupe, yaani ugali wa sembe, imepoteza sehemu kubwa ya nyuzinyuzi kinuni.

Hali ilivyobadilika

Mwaka 2014 Wizara ya Afya ya Uganda na WHO walifanya uchunguzi wa kitaifa uliohusisha karibu watu 4,000 wenye umri wa miaka 18 hadi 69. Takriban mtu mmoja kati ya wanne alikutwa na shinikizo la juu la damu. Katika wale waliokuwa nalo, waliojua kwamba wanalo hawakufika hata mmoja kati ya kumi. Kisukari kilikuwa asilimia 1.4 tu kwa nchi nzima, ila mijini kilikuwa zaidi ya maradufu ya vijijini, na karibu nusu ya wenye kisukari hawakuwa na habari nacho.

Jambo jingine lililojitokeza ni la kushangaza katika nchi ya migomba na maembe: karibu watu tisa kati ya kumi hawakula matunda na mboga kwa kiwango kinachopendekezwa, yaani angalau gramu 400 kwa siku. Viazi na mihogo havihesabiwi humo, na sahani iliyojaa matoke haiwezi kushika nafasi ya mboga.

Kwa upande wa mwendo, Uganda ilikuwa mfano wa dunia. Takwimu za WHO zilizotolewa mwaka 2018 ziliitaja kuwa nchi yenye watu wazima wachache zaidi wasiojishughulisha kimwili, asilimia 5.5. Sifa hiyo hutokana zaidi na jembe, ndoo ya maji na safari za miguu. Mkaazi wa Ntinda anayefanya kazi mezani na kupanda bodaboda hadi mlangoni hawezi kujihesabia sifa ya mkulima wa Kabale.

Kopo lina uwezo gani?

Matumaini ya kuzuia maradhi kwa vidonge yamepimwa kwa majaribio makubwa, na matokeo yake hayakuwafurahisha wauzaji. Nchini Finland wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 walipewa ama beta-karotini, ama vitamini E, ama zote mbili, ama kidonge kitupu. Mwaka 1994 ilitangazwa kwamba waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi, si pungufu, kwa asilimia 18. Beta-karotini hiyo hiyo ikiliwa ndani ya papai, karoti au kiazi kitamu cha rangi ya chungwa haina madhara hayo. Jaribio la Marekani lililohusisha watu 25,871 lilionyesha mwaka 2018 kwamba vitamini D haikupunguza saratani wala mshtuko wa moyo kwa jumla ya washiriki.

Hii haina maana kwamba kila kidonge ni bure. Mjamzito huhitaji madini ya chuma na asidi ya foliki. Mtoto mdogo hupewa matone ya vitamini A. Anayetumia metformini kwa miaka mingi kwa ajili ya kisukari huweza kupungukiwa vitamini B12, na mwenye ngozi nyeusi aishiye katika nchi yenye jua hafifu huweza kupungukiwa vitamini D. Hao wana upungufu au hitaji linaloeleweka, na kwao kidonge ni tiba. Kumpa vitamini mtu asiyepungukiwa ni jambo jingine.

Kuna hatari pia ambayo haiandikwi kwa herufi kubwa juu ya kopo. Baadhi ya vidonge vinavyochemka ndani ya maji vina hadi gramu moja ya chumvi kwa kidonge, huku kikomo cha WHO kwa siku nzima ni chini ya gramu tano, yaani kijiko kimoja cha chai. Mzee mwenye presha anayeletewa vidonge hivyo kwa upendo huongezewa kile alichokatazwa. Mbaya zaidi ni pale anapoacha dawa zake za presha kwa kuwa sasa ana dawa ya asili au kopo kutoka Ulaya.

Mabadiliko ya kila siku

Chumvi ndiyo pa kuanzia, kwa kuwa imejificha: katika viungo vya mchuzi vya pakiti, soseji, chipsi, na kile kikopo kinachowekwa mezani kabla mtu hajaonja. Kisha soda. Chupa ya mililita 300 ina takriban gramu 30 za sukari, ilhali WHO inapendekeza mtu mzima asivuke takriban gramu 50 kwa siku, na ni bora zaidi akikomea 25. Chupa moja tayari imepita kiwango hicho bora.

Rolex, ile chapati ya mayai ambayo jina lake halina undugu na saa ya mkononi, inashutumiwa kupita kiasi. Mayai, kabichi na nyanya si adui. Tatizo ni mafuta, chumvi, unga uliokobolewa, na mazoea ya kuila kila jioni pamoja na soda. Aliyezoea kuila kila siku akiila mara moja kwa wiki, na siku nyingine akala maharage na nakati, hatakuwa ameacha ladha ya Kampala.

Mwendo unaopendekezwa ni angalau dakika 150 kwa wiki. Kushuka bodaboda au teksi mapema na kutembea dakika kumi na tano, asubuhi na jioni, kwa siku tano kunatosha.

Kisha kuna kipimo, kwa kuwa presha haiumi. Ntinda iko karibu na hospitali ya serikali ya Naguru, na Bugolobi, katika divisheni hiyo hiyo ya Nakawa, kuna kituo cha afya cha Kiswa. Kabla ya kupimwa mtu akae kimya dakika tano, mgongo ukiegemea na miguu ikigusa sakafu, akiwa hajanywa kahawa wala kuvuta sigara katika nusu saa iliyotangulia. Vipimo vikirudi 140 kwa 90 au zaidi katika siku mbili tofauti, hapo ni zamu ya daktari.