Umeme wa Kompyuta Mpakato Katika Safari Ndefu ya Ndege

Abiria wengi wa masafa marefu hupanga kufanya kazi wakiwa angani. Mwanafunzi hukusudia kumalizia tasnifu yake, mfanyabiashara kupitia hesabu zake, na mtumishi wa umma kukamilisha taarifa inayosubiriwa aendako. Wote hutarajia kwamba kompyuta mpakato itakuwa na umeme hadi mwisho wa safari. Matarajio hayo yanaweza kutimia, lakini si kwa kutegemea soketi ya kitini peke yake. Katika sehemu hii tunaeleza namna ya kukadiria umeme unaouhitaji, mipaka ya soketi za ndege, masharti ya kubeba pawabenki, na hatua za kuchukua mambo yanapokwenda kombo.

Hesabu ianzie nyumbani

Uwezo wa betri hupimwa kwa wati-saa, na huandikwa kwa alama Wh juu ya betri yenyewe au chini ya kompyuta. Gawanya idadi hiyo kwa wati ambazo kompyuta inatumia, nawe utapata idadi ya saa. Tuchukue mfano wa betri ya wati-saa 56. Abiria anayeandika tu, akiwa amepunguza mwangaza wa skrini, anaweza kutumia wati 8. Betri hiyo itamfikisha saa 7. Abiria huyo huyo akitazama filamu kwa mwangaza wa juu kabisa, na matumizi yakapanda hadi wati 16, atabakiwa na saa 3 na nusu tu. Ikumbukwe pia kwamba idadi iliyoandikwa ni ya betri mpya. Iliyotumika miaka kadhaa huhifadhi umeme pungufu.

Sasa linganisha hesabu hiyo na safari yenyewe. Kutoka Dar es Salaam hadi Dubai ni takriban saa 5 na nusu. Kutoka Dubai hadi New York ni takriban saa 14. Mwandishi mwangalifu anaweza kumaliza hatua ya kwanza bila soketi. Hatua ya pili hawezi, na kwa hiyo ni lazima achague mapema saa za kufanya kazi na saa za kuizima kompyuta. Muda wa kusubiri ndege ya kuunganisha nao ni wa thamani: soketi ya uwanja wa ndege haina ukomo mkali kama ile ya kitini.

Kuna sababu nyingine ya kutoiacha betri iishe kabisa. Julai 2014 Marekani ilitangaza kwamba, katika baadhi ya viwanja vya nje, abiria wanaoelekea nchini humo wanaweza kutakiwa kuwasha vifaa vyao mbele ya wakaguzi, na kwamba kifaa kisichowaka hakitaruhusiwa ndani ya ndege. Uingereza nayo huwashauri abiria wahakikishe vifaa vyao vina chaji kabla ya ukaguzi. Kompyuta iliyozimika kwa kukosa chaji inaweza kukuachisha safari, au safari ikakuachisha kompyuta.

Soketi ya kitini na mipaka yake

Soketi za ndege si za aina moja. Tundu la kawaida la USB, lile pana, hutoa takriban wati 10. Linatosha kwa simu, wala halitoshi kwa kompyuta. Tundu jipya la USB-C linaweza kutoa zaidi, na katika baadhi ya ndege hufikia wati 60, kiasi kinachozitosha kompyuta nyingi za ofisini. Soketi ya plagi hutoa umeme wa takriban volti 110, na mara nyingi imewekewa ukomo wa wati 75 hadi 100.

Angalia maandishi yaliyo kwenye chaja yako. Ikiwa imeandikwa kwamba inapokea volti 100 hadi 240, itafanya kazi kwenye ndege bila kifaa cha kubadilisha volti. Kisha tazama wati inazotoa. Chaja ya wati 65 kwa kawaida haina tatizo. Chaja ya wati 180, kama zile za kompyuta za michezo au za kuhariri video, huweza kuvuta umeme kupita ukomo, na hapo soketi hujizima yenyewe. Hiyo si hitilafu. Ndivyo ilivyoundwa ili kuulinda mfumo wa umeme wa ndege.

Sababu ya kuzidi ukomo ni kwamba chaja hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: kuiendesha kompyuta na kuijaza betri. Kwa hiyo ingia ndegeni betri ikiwa imejaa, kisha tumia soketi kuibakiza hapo. Ikiwa betri imekwisha, izime kompyuta kwanza na uichaji ikiwa imezimwa. Ikiwa kompyuta yako inakubali chaja ndogo ya USB-C, ibebe. Itachaji polepole, lakini haitaizimisha soketi.

Plagi ya pini tatu tunayoitumia Afrika Mashariki ni nzito, na katika soketi iliyolegea huchomoka kwa urahisi. Adapta nyepesi ya pini mbili husaidia. Fahamu pia kwamba umeme wa vitini kwa kawaida hukatwa wakati wa kuruka na kutua, na kwamba katika nyakati hizo kompyuta hutakiwa kufungwa na kuhifadhiwa.

Pawabenki: kubeba si sawa na kutumia

Hapa ndipo abiria wengi hukwama. Kwa kanuni za kimataifa, pawabenki huhesabiwa kuwa betri ya akiba. Husafiri katika mzigo wa mkononi tu, kamwe si katika mzigo unaokabidhiwa. Isiyozidi wati-saa 100 haihitaji kibali; kati ya 100 na 160 huhitaji idhini ya shirika la ndege, na mwisho ni mbili; inayozidi 160 hairuhusiwi kwa abiria.

Pawabenki nyingi huonyesha mAh badala ya Wh. Zidisha mAh kwa volti 3.7, kisha gawanya kwa 1,000. Yenye 20,000 mAh ni wati-saa 74, nayo inaruhusiwa. Yenye 30,000 mAh ni wati-saa 111, nayo inahitaji idhini. Isiyo na maandishi yoyote inaweza kuzuiliwa, kwa kuwa mkaguzi hana namna ya kuthibitisha uwezo wake.

Hata hivyo, kuruhusiwa kubeba hakumaanishi kuruhusiwa kutumia. Tangu tarehe 1 Aprili 2025 Singapore Airlines imekataza kutumia pawabenki ndani ya ndege zake. Emirates ilifuata tarehe 1 Oktoba 2025: abiria hubeba pawabenki moja isiyofikia wati-saa 100, haitumii kuchaji kifaa chochote, haichaji kwa umeme wa ndege, na haiweki katika kabati la juu bali mfukoni mwa kiti au chini ya kiti kilicho mbele yake. Anayepanga kuiendesha kompyuta yake kwa pawabenki hadi New York kupitia Dubai, basi, amepanga juu ya kitu asichoweza kukitumia.

Masharti haya yana chanzo. Tarehe 28 Januari 2025 ndege ya Air Busan iliteketea kwa moto katika uwanja wa Gimhae, Korea Kusini, ikijiandaa kuruka. Watu wote 176 waliokuwamo waliokoka. Wachunguzi walieleza baadaye kwamba huenda moto ulianzia kwenye pawabenki iliyokuwa katika kabati la juu. Betri ya lithiamu ikiharibika ndani hujipasha joto yenyewe na kuwaka. Ikiwa mbele ya macho, wahudumu huidhibiti mapema.

Kwa sababu hiyo, usichaji kompyuta ikiwa ndani ya begi au chini ya blanketi, wala usilale ikiwa inachajiwa. Ukiona betri imevimba, inatoa moshi au ina joto lisilo la kawaida, mwite mhudumu mara moja na usijaribu kuihamisha. Simu ikidondoka katikati ya kiti, usikisogeze kiti. Mwombe mhudumu aitoe.

Haki yako na wajibu wako

Kabla ya kununua tiketi, liulize shirika kwa maandishi iwapo daraja lako lina soketi, na ya aina gani. Jibu hilo ni la manufaa, ingawa si dhamana: masharti ya usafirishaji kwa kawaida huliruhusu shirika kubadilisha ndege. Soketi isipofanya kazi, mweleze mhudumu mapema. Anaweza kuiwasha upya au kukuhamishia kiti kingine. Tatizo likibaki, andika namba ya safari na ya kiti, na uwasilishe malalamiko kwa shirika kwanza. Usiporidhika na jibu, tuletee sisi pamoja na nakala ya mawasiliano hayo.

Ikiwa ulilazimika kuikabidhi kompyuta pamoja na mizigo, iwe imezimwa kabisa, si kulazwa tu, na imefungwa vizuri. Ikipata madhara, Mkataba wa Montreal wa 1999 unakutaka uwasilishe malalamiko kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kupokea mzigo.

Kabla ya kuondoka nyumbani, hakikisha kwamba:

1. Betri ya kompyuta imejaa na kompyuta inawaka.
2. Umelinganisha saa za betri na saa za kila hatua ya safari.
3. Unajua wati za chaja yako, na umebeba adapta nyepesi.
4. Pawabenki imo katika begi la mkononi, na uwezo wake unasomeka.
5. Umesoma masharti ya pawabenki ya kila shirika utakalosafiri nalo, si la kwanza pekee.
6. Begi la mkononi likichukuliwa mlangoni kwenda kuwekwa chini ya ndege, utatoa kwanza pawabenki na kompyuta.

Kazi isiyoweza kusubiri imalizwe kabla ya kupanda ndege. Soketi ya kitini ikifanya kazi, iwe ni nyongeza tu.