Taa ya ABS ikiwaka Kibiti, pima waya kabla ya kununua sensa

Taa ya njano ya ABS ikiwaka, safari ya gari huwa fupi: linapelekwa kwa fundi, linachomekwa mashine, kioo kinaandika C0200, na mwenye gari anaambiwa sensa ya mbele kulia imekufa, aagize nyingine Dar es Salaam. Hukumu hiyo imetolewa mapema mno. Kwenye Toyota, C0200 inaeleza kwamba kompyuta ya breki haipati ishara inayoeleweka kutoka gurudumu la mbele kulia. Basi. Kati ya kompyuta na gurudumu hilo kuna waya mrefu, sokoti, sensa yenyewe, pete ya meno inayozunguka na beringi inayoishika, na chochote kati ya hivyo kikiharibika kinaweza kuleta msimbo uleule. Kwa magari ya Kibiti na delta ya Rufiji, sensa ingepaswa kuwa mshukiwa wa mwisho.

Tazama mazingira yenyewe. Gari linaloshuka Nyamisati kupakia samaki linakaa jirani na mikoko na hewa ya chumvi, na matenga yanadondosha maji ya chumvi sakafuni kuelekea nyaya za nyuma. Masika linapita kwenye tope la mfinyanzi ambalo likikauka hung'ang'ania kama saruji. Mafuriko ya Aprili 2024 yalionyesha maji yanaweza kufika wapi katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Chumvi ikiingia kwenye sokoti, pini huota ukungu wa kijani na umeme mdogo wa sensa haupiti vizuri. Kutu ikivimba kwenye tundu la sensa, huisukuma mbali na pete ya meno. Pengo likiongezeka kidogo tu, ishara hufifia. Waya nao hukunjwa kila usukani unapokatwa, hadi nyuzi za shaba zinakatika ndani huku gamba la nje likionekana zima. Huo ndio ugonjwa unaodanganya kuliko yote: fundi akibadilisha sensa anatikisa waya na kukwangua pini bila kukusudia, taa inazima, wote wanafurahi, kisha wiki inayofuata inawaka tena. Kwa hiyo ule ushahidi wa “nilibadilisha ikazima” hauthibitishi kitu.

Kupima si kazi kubwa. Gari likiinuliwa kwa jeki, sensa ya aina ya zamani yenye koili hupimwa ukinzani kwa mita, ikilinganishwa na ya upande wa pili. Namba zikirukaruka waya unapotikiswa, mgonjwa amepatikana. Sensa za kisasa zinazohitaji umeme ili zifanye kazi hazipimwi hivyo. Hizo husomwa kwenye mashine gari likitembea polepole: magurudumu matatu yakionyesha kilomita 15 kwa saa na moja likisoma sifuri, unajua pa kuanzia. Meno ya pete yahesabiwe pia kama shafti ilibadilishwa karibuni, maana shafti ya mtumba huweza kuja na meno tofauti au bila pete kabisa.

Kuna wanaosema kifaa cha kusoma misimbo hiyo hakipo kwa kila fundi, na ni kweli kwamba vile vya bei ndogo vingi husoma injini peke yake. Lakini Toyota nyingi za miaka ya nyuma huitoa misimbo zenyewe: pini ya 4 na ya 13 kwenye sokoti ya kupimia zikiunganishwa kwa kipande cha waya na swichi ikiwashwa bila kupiga stata, taa ya ABS hukonyeza, mara tatu kisha mara moja kwa gurudumu la mbele kulia. (Pini ya 16 ina umeme wa betri moja kwa moja, asiyeona vizuri asibahatishe.)

Wengine huchomoa fyuzi, wakidai ABS haina faida kwenye changarawe. Hoja hii ina uzito, kwa kuwa juu ya changarawe ABS huweza kweli kurefusha umbali wa kusimama. Ila gari hilohilo kesho liko kwenye lami ya barabara ya Kilwa, likivuka daraja la Mkapa kuelekea Lindi, na mvua ikinyesha, dereva anahitaji kukwepa huku amekanyaga breki. Bila ABS, tairi zikijifunga usukani haumsaidii.

Msimbo ukitaja mota ya pampu, kama C1251, fyuzi, rilei na waya wa ardhi vikiwa vizima, hapo safari ya Dar es Salaam ina sababu. Njiani breki za kawaida bado zinafanya kazi, dereva aache nafasi zaidi mbele yake. Lakini taa nyekundu ya breki ikiwaka pamoja na ya njano, huenda mafuta ya breki yamepungua au mgawanyo wa nguvu kwa magurudumu ya nyuma umepotea, na gari hilo lipakiwe kwenye lori.