Fahamu: Ua la Usambara na aina zake

Ua dogo linalopamba madirisha Ulaya na Marekani asili yake ni Afrika Mashariki. Mwaka 1892, ofisa Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alilikuta Usambara, Tanga, akalipeleka kwao. Wanasayansi wakaliita Saintpaulia.

La porini huota kwenye nyufa za miamba penye kivuli, maua yake buluu au zambarau. Wakulima wa maua wamezalisha aina maelfu: nyeupe, za waridi, zenye petali zilizorundikana au kingo zilizojikunja, vibete vinavyotosha kikombe cha chai, na zinazoning'inia chunguni. Majani yana manyoya. Maji baridi huyaachia madoa, hivyo mwagilia udongo tu. Inauma kwamba baadhi ya aina za porini zimo hatarini kutoweka, misitu inapokatwa.