Dunia Haimsogezei Abiria Kiwanja cha Ndege

Swali lisilokoma kuulizwa na wasafiri wa kati ya Delhi na Tokyo ni kwa nini safari ya kurudi magharibi ni fupi, na anayeuliza huwa na jibu lake tayari: dunia huzunguka kuelekea mashariki, kwa hiyo Delhi husogea kuilaki ndege iliyo angani. Ushahidi wake ni tiketi, ambayo humwonyesha kwamba aliyeondoka Delhi saa 2 usiku hufika Tokyo saa 1 asubuhi, yaani baada ya saa 11, ilhali aliyeondoka Tokyo saa 5 asubuhi hutua Delhi saa 11 jioni, baada ya saa 6 tu.

Dai hilo halisimami hata kidogo. Katika latitudo ya Tokyo uso wa dunia husogea mashariki kwa zaidi ya kilomita 1,300 kwa saa, na ndege ya abiria huenda kwa takriban kilomita 900. Kama kweli ndege ingeachwa nyuma pindi ipaapo, Tokyo ingeikimbia daima na hakuna abiria wa Delhi ambaye angewahi kuiona, wala helikopta isingeweza kutulia juu ya paa moja. Hewa huzunguka pamoja na dunia, na ndege huwa na mwendo huo tangu ikiwa imeegeshwa.

Kilichomdanganya muulizaji ni saa ya ukutani. Japani iko mbele ya India kwa saa 3 na nusu, ambazo zikitolewa katika safari ya kwenda hubaki saa 7 na nusu, na zikiongezwa katika ya kurudi hupatikana saa 9 na nusu. Safari anayoiita fupi ndiyo ndefu.

Sababu ni mkondo wa upepo mkali uvumao kutoka magharibi kwenye kimo cha takriban kilomita 10, ambao Wasaburo Ooishi aliupima kwa maputo nchini Japani katika miaka ya 1920, na ambao majira ya baridi huweza kupita kilomita 300 kwa saa. (Mzunguko wa dunia huchangia kuupinda upepo huo, lakini hilo silo linalodaiwa.) Kutoka Delhi hadi uwanja wa Haneda ni takriban kilomita 5,860 kwa mstari mfupi kuliko yote, upepo wa kilomita 150 ukiisukuma ndege, hesabu hutoa saa 5 na dakika 35, na ukiikabili, saa 7 na dakika 49, ilhali bila upepo ni saa 6 na nusu, kwa hiyo upepo hunyang'anya zaidi ya unavyotoa. Muda halisi huzidi huo, kwa kuwa ndege hutembea ardhini, hupanda na kushuka, na kwa kawaida hukwepa uwanda wa juu wa Tibet, ambako milima humzuia rubani kushuka haraka hadi penye hewa ya kupumulika iwapo shinikizo ndani ya ndege litapotea.

Msafiri na asome muda wa safari ulioandikwa kwenye tiketi badala ya kutoa saa moja katika nyingine, asigawe kilomita za ramani kwa mwendo wa ndege, aache nafasi kubwa zaidi ya kuunganisha ndege anapoelekea magharibi kati ya Desemba na Februari, na achague Haneda bei zikilingana, kwa sababu uwanja mwingine, Narita, uko takriban kilomita 60 kutoka katikati ya Tokyo, na barabara hiyo haisukumwi na upepo wowote.