Bunduki ya Upepo kwenye Miteremko ya Uluguru: Mafunzo ya Anayeanza

Bunduki ya upepo hairushi risasi kwa baruti. Ile ya springi, inayomfaa anayeanza, ina pistoni inayobana hewa ghafla, na hewa hiyo ndiyo huisukuma risasi. Risasi ya milimita 4.5 ina uzito wa karibu nusu gramu, na katika bunduki za mashindano hutoka mtutuni kwa kasi ya takriban mita 175 kwa sekunde. Kasi hiyo inatosha kutoboa ngozi na kupofusha jicho, na madaktari wamekwisha kuandika habari za watu waliokufa kwa silaha ya aina hii. Anayeiona kama kitu cha kuchezea bado hajawa tayari kuishika.

Umiliki wa silaha Tanzania unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, hivyo safari ya kuitafuta bunduki huanzia kituo cha polisi, si dukani.

Morogoro, mji ulio chini ya milima ya Uluguru, mafunzo yenyewe huanza na ardhi, bunduki ikiwa bado imefungiwa. Mtu aliyesimama kwenye mteremko akilenga upande wa bondeni hajui risasi iliyokosa shabaha itaishia wapi. Inaweza kwenda mamia ya mita, ikapita juu ya migomba na mapaa ya nyumba. Njia ya Morningside inayopanda mlima kutoka mjini na vijia vinavyoungana nayo vina watu tangu alfajiri, wanaoshusha ndizi na mboga mjini, na ukungu ukitanda hawaonekani hata kwa karibu. Kwa sababu hiyo mpigaji hulipa bonde mgongo na kuelekea mlima, penye ukuta wa udongo uliokatwa wima, mrefu kuliko mtu. Juu ya ukuta huo pasiwe na shamba wala kijia. Hilo si rahisi kupata Uluguru, ambako watu hulima hadi kwenye miinuko mikali, na pasipopatikana mahali pa namna hiyo ni afadhali somo liahirishwe.

Ukuta nao haufai kama una mawe. Risasi ikigonga mwamba hurudi au huchepuka, na miamba ya milima hii ni migumu. Kinga nzuri ni viroba vilivyojazwa mchanga wa mtoni uliochekechwa, vikapangwa nyuma ya shabaha kwa upana unaozidi shabaha yenyewe mara kadhaa. Miwani ya kukinga macho huvaliwa na kila aliyepo, hata anayetazama tu, na watazamaji wote hukaa nyuma ya mpigaji.

Ndipo bunduki hutolewa. Mwanafunzi huichukulia kuwa ina risasi hata akiambiwa haina. Mtutu hauelekei kitu ambacho hayuko tayari kukitoboa, na kidole hukaa nje ya triga mpaka shabaha ionekane vizuri. Kujaza risasi kunahitaji uangalifu wa pekee. Katika bunduki ya kuvunja, mtutu hukunjwa chini mpaka springi inase, na mkono ulioukunja hauachii hata kidogo wakati mkono wa pili unaingiza risasi. Mtutu ukifyatuka wakati huo hujifunga kwa nguvu ya kuvunja vidole. Vilevile bunduki ya springi haifyatuliwi tupu, kwani pistoni hukosa hewa ya kuipunguzia kasi na hujigonga hadi kuharibika.

Jicho lenye nguvu hupimwa mapema. Mwanafunzi hunyoosha mikono, huunganisha viganja akabakiza kitundu, kisha hutazama mti wa mbali kwa macho yote mawili. Akifumba jicho moja na mti ukapotea, alilolifumba ndilo la kulengea. Mapigo ya kwanza hufanywa ameketi, bunduki ikiwa juu ya mfuko laini. Huvuta pumzi, huitoa nusu, hutulia, kisha huibana triga taratibu akiangalia alama ya mbele ya mtutu, si shabaha. Mlio ukishatoka hubaki vilevile kwa muda mfupi, kwa sababu bunduki ya springi hutikisika kabla risasi haijaondoka mtutuni.

Umbali wa mita 10 unatosha. Ndio umbali wa mashindano ya bunduki ya upepo ya Olimpiki, yaliyoingizwa Los Angeles mwaka 1984, na nukta ya katikati ya shabaha ya bunduki ndefu ina upana wa nusu milimita tu. Anayeanza huwekewa karatasi kubwa na kupimwa kwa jinsi matundu yake yanavyokaribiana, hata yakiwa mbali na katikati.

Ndege si shabaha. Aliyekulia na manati hushawishika haraka, lakini Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inadai kibali cha uwindaji, na msitu wa Uluguru una ndege wasiopatikana kwingine duniani, akiwemo chozi wa Loveridge. Ndege mdogo kiasi hicho haponi risasi hata ikimgusa ubawani.

Somo likiisha, mtutu huhakikishwa kuwa mtupu na springi kuwa imelegezwa. Unyevu wa milima hii huleta kutu upesi, hivyo chuma hupanguswa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, ila mafuta yasiingie kwenye chemba ya hewa, maana yanaweza kulipuka yakibanwa. Bunduki hufungiwa kwa kufuli na risasi huwekwa mahali pengine. Kwa kuwa risasi nyingi za bunduki hizi hutengenezwa kwa madini ya risasi, ambayo ni sumu, mikono huoshwa kwa sabuni kabla ya kushika chakula.