Sanduku la Betri na Jokofu la Safari: Tupige Hesabu Kwanza, Kisha Tutawakali

Likizo ya Desemba inapokaribia, baadhi ya misikiti na madrasa zetu huandaa kambi za vijana: siku kadhaa za darasa, swala za jamaa, michezo na kazi za mikono, mara nyingi mahali palipo mbali na nguzo za umeme. Furaha hiyo haiwafikii watoto wote. Mtoto mwenye kisukari anayedungwa insulini kila siku huenda akaachwa nyumbani, si kwa kuwa hawezi kukaa kambini, bali kwa kuwa wazazi wake hawajui dawa itahifadhiwa wapi. Mzee anayekwenda kijijini kwa arusi au mazishi hukabiliwa na swali hilohilo, na familia ya mjini hukutana nalo umeme unapokatika kutwa nzima.

Jawabu mojawapo ni jokofu dogo la safari linalotumia umeme wa volti 12, pamoja na sanduku la betri la kubebeka. Vifaa hivi vinapatikana madukani, na kuviunganisha si kazi ngumu. Hata hivyo, tumeona ni wajibu kuwatahadharisha wasomaji wetu kwamba dawa haihifadhiwi na ukubwa wa jokofu wala uzuri wa sanduku. Huhifadhiwa na hesabu iliyopigwa kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Je, jokofu linahitajika?

Insulini ambayo haijafunguliwa huwekwa kwenye baridi ya kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Ikishaanza kutumika, aina nyingi huvumilia joto lisilozidi nyuzi 30 kwa muda wa wiki nne hivi. Muda kamili wa kila aina umeandikwa kwenye karatasi iliyomo ndani ya boksi lake. Kuganda nako huiharibu. Insulini iliyoganda haifai tena, hata ikiyeyuka na kuonekana safi machoni.

Kwa hiyo mtoto mmoja anayekwenda kambini siku tatu na kichupa kimoja kilichokwisha kufunguliwa huenda asihitaji mtambo wowote. Chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati yake mchanga uliolowa, vikiwekwa kivulini penye upepo, hupunguza joto vya kutosha. Njia hiyo hufaa zaidi kwenye hewa kavu ya Dodoma au Singida kuliko kwenye unyevu wa Tanga au Zanzibar. Kununua mitambo pasipo haja ni israfu. Haja huja pale dawa za akiba zinapokuwa nyingi, watoto wanapokuwa kadhaa, au safari inapochukua majuma.

Jokofu lipi?

Yako majokofu ya aina mbili yanayofanana kwa sura. La kwanza lina kompresa, kama jokofu la nyumbani. Hupoza hadi kiwango ulichokipanga, kisha hupumzika. La pili ni kisanduku chepesi kisicho na kompresa, ambacho hupoza kwa nyuzi 15 hadi 20 tu chini ya joto la nje. Mchana wa Dar es Salaam wenye nyuzi 33, kisanduku hicho hakishuki chini ya nyuzi 13, nacho huvuta umeme bila kupumzika. Kwa soda kinafaa. Kwa insulini ya akiba hakifai. Mnunuzi aulize swali moja tu: lina kompresa au halina?

Hesabu ya betri

Tuchukue jokofu la kompresa la lita 40. Linapofanya kazi huvuta wati 45 hivi, yaani takriban ampea 4 kwenye volti 12. Katika joto la pwani tukadirie kwamba kompresa itafanya kazi nusu ya siku, saa 12. Ampea 4 mara saa 12 ni ampea-saa 48 kwa siku.

Betri ya kawaida ya risasi yenye ampea-saa 100 haipaswi kutumiwa zaidi ya nusu yake, la sivyo hufa mapema. Hiyo ni ampea-saa 50: siku moja tu. Betri ya lithiamu ya ukubwa huohuo hutoa ampea-saa 80 au zaidi pasipo kudhurika, sawa na siku moja na nusu na ushei, na uzito wake haufiki nusu ya ule wa betri ya risasi. Bei yake ni kubwa zaidi, lakini kwa sanduku la kubebwa na watu, uzito nao ni gharama.

Kwa kambi ya wiki nzima lazima betri irudishiwe kilichotumika. Paneli ya sola ya wati 200, ikipata saa tano za jua kali, huweza kurudisha matumizi ya siku na kubakiza kidogo. Siku ya mawingu haitoshi, na ndiyo maana betri isipungue akiba ya siku mbili. Kidhibiti cha chaji kiwe cha aina inayolingana na betri, kwani chaji ya betri ya risasi na ya lithiamu hazifanani.

Wapo wanaochomeka jokofu kwenye betri ya gari na kuliacha usiku kucha. Betri ya gari imeundwa kuwasha injini kwa kishindo cha sekunde chache, si kunyonywa polepole hadi alfajiri. Asubuhi gari haliwaki, na mgonjwa yuko porini.

Kulifunga sanduku

Sanduku liwe la plastiki ngumu, na betri ifungwe kwa mkanda isiyumbe barabarani. Fyuzi ya ampea 15 iwekwe kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri. Hiki ndicho kiungo ambacho hakisameheki kikikosekana. Nyaya zikigusana, betri huweza kumwaga mamia ya ampea kwa mkupuo, na waya huwaka moto. Fyuzi hukatika kabla waya haujashika moto.

Nyaya ziwe za shaba, zenye unene wa milimita za mraba 4, na ziwe fupi. Waya mwembamba hupoteza nguvu njiani: jokofu huona volti pungufu na kujizima hali betri bado ina chaji. Tundu la aina ya kiberiti cha gari hulegea kwenye barabara ya vumbi na kupata joto. Soketi ya kukaza kwa skrubu ni bora. Ongeza na mita ndogo ya volti juu ya mfuniko.

Wakati wa kufunga, vua pete na bangili. Unganisha chanya kwanza na hasi mwisho; wakati wa kufungua, anza na hasi. Betri ya risasi hutoa gesi inayolipuka inapochajiwa. Sanduku lake liwe na matundu ya hewa, na lisichajiwe katika chumba wanamolala watu. Asiyewahi kushika kazi ya umeme amwite fundi, naye asimamie fyuzi iwekwe.

Amana iwe na mwenyewe

Jokofu lipozwe nyumbani kwa umeme wa kawaida kabla ya safari, na likifika kambini likae kivulini penye nafasi ya hewa. Lipangwe kwenye nyuzi 4 au 5. Dawa ziwekwe katika kikopo, mbali na kuta za jokofu, ambako huweza kuganda. Maji na juisi za kambi visiwekwe humo: watoto arobaini wakifunua mfuniko kutwa, hesabu yote tuliyoipiga inaharibika.

Amiri wa kambi amteue mtu mmjoa mwenye dhamana. Baada ya kila swala asome kipimajoto na mita ya volti, aandike kwenye daftari. Mara tano kwa siku zinatosha kugundua tatizo kabla dawa haijaharibika. Mtu huyohuyo ajue dalili za sukari kushuka na namna ya kumsaidia mtoto, kwani jokofu huhifadhi dawa, halimwangalii mgonjwa.

Mwisho, mtambo ujaribiwe nyumbani. Weka chupa za maji na kipimajoto badala ya dawa, kisha uache ukifanya kazi saa 48 mfululizo kwa betri na paneli. Ukivuka nyuzi 8 au kushuka chini ya 2, rekebisha na ujaribu upya. Tumefundishwa kumfunga ngamia kwanza, kisha kutawakali. Mzazi aliyepiga hesabu, akafunga fyuzi na kujaribu kwa siku mbili amekwisha kumfunga ngamia wake; ana haki ya kumruhusu mwanawe aende kambini pamoja na wenzake, Inshaallah.