Kirby wa udongo: uzuri ambao mchezaji haoni

Mu mwaka wa 2015, Nintendo ilitoa Kirby and the Rainbow Curse, mchezo wa video wa mashine ya Wii U. Huko Ulaya unaitwa Kirby and the Rainbow Paintbrush. Ndani yake, Kirby, adui na miti, vyote ni kama vimefinyangwa kwa udongo wa kuchezea. Hata mwendo wao unakatika-katika kidogo, kama sinema ya sanamu. Kazi hiyo tunaisifu kabisa.

Kuucheza ni kwepesi: unashika kioo mkononi, unachora kamba ya rangi na kalamu, Kirby anabingirika juu yake.

Lakini kuko kasoro. Sababu unachora, macho inabaki kwenye kioo cha inchi 6.2, chenye picha hafifu kuliko ya televizio. Ule udongo mzuri, wanaokaa karibu nawe ndio wanauona. Tena Kirby, tuliyezoea kumwona akimeza adui na kuchukua nguvu zao, hapa hamezi mtu.

Basi, msicheze peke yenu. Wenzenu watatu wanaweza kuingia na manete zao, wakitazama televizio. Kalamu ile, mupeane zamu.